Mlenda wa nyuma ya soko la Majengo: nyota moja niliyotoa Agosti nairekebisha

Mwezi wa nane mwaka jana banda hili la chakula nililipatia nyota moja mtandaoni na maneno haya: "Ugali mgumu kama tofali. Mlenda chumvi tupu. Nimekaa saa nzima nasubiri sahani. Dada anayehudumia anatembea kama yuko harusini. Ndoo ya kunawia inavuja mpaka unalowa viatu. Msipoteze hela zenu." Watu kumi na mmoja wakagonga laiki. Leo nayarekebisha, ila si yote, kwa hiyo anayetaka kujua kama aende au asiende avumilie maelezo kidogo.

Banda lenyewe halina jina. Kuna mtu kaliweka kwenye ramani ya simu akaliandika "Mama Lishe" basi, kama vile Dodoma nzima kuna mama lishe mmoja. Ukiwa Majengo, pita sokoni kwa ndani mpaka utokee nyuma, upande wanaoshushia viazi na vitunguu. Utaona mwarobaini mkubwa, chini yake bati chache juu ya nguzo za miti, mabenchi manne na meza mbili zilizofunikwa plastiki ya maua. Mama mwenyewe ni mtu mzima, Mgogo mwenzangu, na atakusalimia "Mbukwa!" hata kama wewe umetoka Moshi jana usiku. Anapika ugali wa uwele na wa sembe, mlenda, maharage, na mbuzi wa kuchemsha. Siku akipata maziwa ya mgando anayaweka kwenye kibuyu pale mezani na yanaisha kabla ya saa saba. Wali hapiki, usimuulize.

Mimi ni muuza nafaka, kiduka changu kiko mtaa wa pili kutoka hapo. Nauza mtama, uwele, karanga, alizeti, na mahindi ninayoyafuata Kibaigwa. Nataja kazi yangu kwa sababu nyota moja ile ilitokea dukani. Mlenda uliingia baadaye.

Ilikuwa wiki ya Nanenane. Nilikuwa nimeshinda siku mbili Nzuguni, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima, na sampuli zangu kwenye vikopo, wageni wanashika, wanasifia, wanaondoka. Ule upepo wa Agosti mnaujua, unaokuja na vumbi jekundu mpaka ukitafuna unasikia mchanga kwenye meno. Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba kuna mteja wa Dar es Salaam alikuwa amebeba gunia zangu 30 za alizeti kwa maneno matamu, akalipa za gunia 8, halafu akawa hapatikani. Kila nikipiga, yule dada wa mtandao ananiambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa, kwa sauti ileile ya upole, mpaka nikaanza kumchukia na yeye. Alizeti ile nilikuwa nimeinunua kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu. Ndiyo hali niliyokaa nayo kwenye benchi la mama.

Usiku mke wangu akasoma nilichoandika. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mume wangu, hii barua umekosea anwani. Haya ulitaka kumwandikia yule wa alizeti."

Nikamjibu kwamba saa nzima ni saa nzima, sikwenda pale kutunga hadithi. Akanyoosha mkono akaomba simu. Mwanamke huyu ni mhasibu wa kikoba, hakuna mtu anamweleza habari za makadirio. Akafungua simu zilizopigwa: ya kwanza baada ya kukaa, saa saba na dakika sita. Akafungua ujumbe wa malipo, maana chakula nililipia kwa simu: saa saba na dakika arobaini na tatu. Katikati hapo nilikuwa nimeagiza, nimesubiri, nimekula, nimenawa mara mbili, na nimempigia yule bwana mara tisa. Tukahesabu wote wawili kama watu wazima. Sahani ilinifikia ndani ya robo saa, zaidi sana dakika ishirini.

Sisi wa nafaka tuna kitu kinaitwa lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linaongezwa kilemba cha wavu kikashonewa, ili mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Sheria inakataza, gunia lisizidi kilo mia, na watu wa vipimo wakikukuta nalo wanakutoza faini. Zile dakika kumi na tano za mama nilikuwa nimezishonea kilemba. Robo yake, robo tatu yangu, na bili yote nikampa yeye.

Ungedhani nilifuta usiku uleule. Sikufuta. Kiburi tu.

Desemba nikarudi, wala si kwa kutubu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha asubuhi. Mtu wa Pwani hawezi kuelewa, kwake mvua ni usumbufu wa foleni. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, ikija Desemba inatuaga Aprili, na miezi yote iliyobaki tunaishi kwa kumbukumbu. Siku ile harufu ya udongo ilikuwa imejaa mji, watu wanasalimiana bila kujuana, hata wapiga debe wa daladala walikuwa na adabu. Na yule bwana wa Dar es Salaam alikuwa ameibuka. Mama yake aliugua, simu akaiuza, mambo mengi. Akanilipa zote isipokuwa gunia mbili, na mbili zile nikamwachia moyoni hapohapo kwenye simu, mimi ambaye Agosti ningemla nyama mbichi.

Nikamchukua rafiki yangu tukaenda kwa mama. Jamani, tulikula. Ugali wa uwele ule wa rangi ya majivu, unaufinyanga haukwami mkononi. Mlenda unavutika mpaka unapiga nao danadana. Nikamwambia mama kwamba hata marehemu mama yangu hakuwahi kunipikia hivi, dhambi ambayo nitaijibu mwenyewe siku ikifika. Dada wa kuhudumia nikampa elfu moja ya soda. Nikajipiga picha na sahani. Na papo hapo, mikono ikiwa bado na utelezi, nikaandika nyota tano na maneno: "Pepo imehamia Majengo." Mtandao ulikuwa umeyumba kwa sababu ya mvua, kikaduara kikazunguka, kikazunguka, hayakwenda. Nashukuru hayakwenda.

Jioni naonyesha picha nyumbani. Mimi niko mbele, meno yote nje. Nyuma ya bega langu la kushoto iko ndoo ya kunawia, ileile ya bluu, koki yake imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, maji yanatiririka kwa chini, na mtoto mmoja aliyevaa sare ya shule ananawa huku kanyanyua mguu mmoja kama korongo asilowe. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilinawa pale mara mbili. Soksi zangu nilizivua zikiwa zimelowa, nikasema ni mvua. Ukipenda chongo huita kengeza, ila mimi sikuona hata hilo kengeza. Niliona ukuta.

Hapo ndipo nilipokwama. Tangu Agosti nilikuwa nimejiambia habari rahisi: hasira ilinidanganya, na siku nikitulia nitaona ukweli. Sasa hasira ndiyo iliyoiona ndoo ile kwa sekunde moja, na furaha imeilamba nzima nzima. Ningetuma zile nyota tano, mtu angekuja na viatu vyake vya ibada akanitukana, na angekuwa na haki.

Niruhusuni nitoke barabarani kidogo, maana mlenda wa mama huyu una karanga, na mimi ni mtu wa Kongwa. Karanga Kongwa ni habari ndefu. Mwaka 1947 Waingereza walitua kwetu na mpango wa kulima karanga kwa matrekta, ekari maelfu kwa maelfu, kwa sababu kwao baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa ya mgao. Sehemu kubwa ya pori waliikagua wakiwa ndani ya ndege, na huko juu waliona shamba. Chini, udongo ule kiangazi unageuka saruji, karanga zinagoma kung'oka, majembe yanaliwa na mchanga, na mvua haina miadi na mtu. Mwaka 1951 wakafunga, paundi zaidi ya milioni 35 zimeshakwenda. Wale waliokuwa wakichunga ng'ombe pale wangewaambia hayo bila kudai hata shilingi. Lakini mtu mwenye kiu ya mafuta ukimpeleka porini, anaona mafuta. Na wale hawakuwa wajinga, walikuwa na wataalamu na vipimo. Nilipoikumbuka habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo kuhusu ndoo.

Turudi Majengo. Februari nikaamua kwenda kama ninavyofanya kazi yangu. Mizani yangu inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, lakini stika haikuondolei kazi ya kila asubuhi: kabla ya gunia la kwanza, unaangalia sahani ikiwa tupu. Vumbi likijikusanya, punje zikibaki chini ya bamba, mshale hausimami kwenye sifuri, na siku nzima utauza uongo bila wewe kujua, mara unamwibia mteja, mara unajiibia. Basi nikakaa kwenye benchi, sikuagiza. Nikajiuliza nimekuja na nini. Nimelala saa tano. Sidaiwi wala sidai, ila watoto wana ada mwezi ujao. Tangu chai ya alfajiri sijala, kwa hiyo njaa ipo, na njaa nayo inajaza mizani. Nikanywa glasi ya maji. Nikamwomba dada aniletee kipande kidogo cha ugali na maharage kwanza, nikakila. Akaniona mgonjwa. Kisha ndiyo nikaagiza.

Haya ninayosema sasa ni ya Februari, na yale niliyoyakuta mara zote tatu.

Ugali wa uwele ni mzuri. Si mgumu. Nadhani ule wa Agosti nao haukuwa mgumu, mimi ndiye nilikuwa naukata kama namkata mtu. Unga wake anasagisha mwenyewe, hauna mchanga, na hilo kwa uwele si jambo dogo, maana uwele wa kupurwa chini ukisagwa hovyo unakula meno. Ladha yake ina uchungu wa mbali ambao mtu wa sembe anaweza kuuona kasoro. Si kasoro, ndiyo uwele.

Mlenda ni wa kukausha, majani yaliyotwangwa, anaupika na magadi kidogo, nyanya, na karanga za kusaga anazozitia mwishoni. Hapa ana mkono. Wengi wanazidisha magadi ili uvutike, ukimeza unasikia sabuni. Wa kwake unavutika bila sabuni. Chumvi lakini imezidi. Imezidi Agosti, imezidi Desemba (nilikunywa maji chupa mbili jioni ile, nikasema ni furaha), imezidi Februari. Nikaandika kwenye kijitabu: chumvi, ya kwake.

Mbuzi: vipande vinne Agosti, vinne Desemba, vitatu Februari lakini vikubwa. Ameiva, mfupa unaachia. Sahani ya mbuzi 4,000, bila mbuzi 2,500. Kwa bei za mjini tangu wizara zote zihamie huku, ni huruma.

Huduma: kama ni kusubiri, ingia kabla ya saa sita na nusu. Saa saba lori linakuwa limemaliza kushushwa, wabeba mizigo wanaingia kumi kwa mkupuo, na dada ni mmoja. Nilimtazama vizuri mara hii. Anabeba sahani nne kwenye mkono mmoja na jagi kwenye mwingine, na kati ya meza na jiko kuna mzizi wa mwarobaini uliotoka juu ambao kila mtu mgeni anajikwaa. Ndiyo maana anatembea vile. Harusi niliiongeza mimi.

Baada ya kula nikajieleza kwa mama. Nikamwambia mimi ndiye yule wa nyota moja. Nilidhani hajui habari hizo. Akasema, "Tulikusoma, baba. Huyu binti alinisomea. Nikamwambia ni yule aliyekula na simu sikioni." Hakukasirika, au alikasirika Agosti ikaisha. Nikaona nimalize yote, nikamwambia: mama, mengine yote ni yangu nayachukua, lakini chumvi ni yako.

Akafuta mikono kwenye kanga, akanionyesha kwa kidevu lile benchi la wabeba mizigo. "Hawa tangu saa kumi alfajiri wanabeba magunia. Angalia mashati. Wewe unakaa dukani kivulini. Nikipunguza, hawa wananiuliza kama leo chumvi imepanda bei."

Nikayaangalia mashati. Mgongoni yalikuwa na michoro myeupe, jasho lililokauka likabaki chumvi yake. Nikajitetea kidogo, nikasema hata hivyo ni nyingi, nikaondoka.

Machi kijana wangu wa dukani akafiwa, akaenda kwao Mpwapwa. Lori la uwele likafika yeye hayupo, na mimi na dereva tukashusha gunia 22 wenyewe, jua la saa tano. Sijabeba mzigo namna ile tangu ujana. Saa saba nikajikokota kwa mama bila mpango wowote wa kupima kitu, nikala, na mlenda ukawa umekaa sawasawa kabisa, chumvi hata punje haijazidi. Nikamuuliza, "Mama, leo umepunguza?" Hakujibu. Alizunguka nyuma yangu, akaliangalia shati langu mgongoni, akarudi jikoni anacheka peke yake. Kwenye kijitabu ile chumvi nimeikata kwa kalamu.

Kwa hiyo kwa wenzangu mnaofanya kazi za kukaa, wa maofisini, wa Mji wa Serikali mnaokuja mjini Jumamosi: mwambieni dada mnataka mlenda wa kwanza. Kuna chungu kidogo anachopakua kabla ya kurudishia chumvi, anawawekea wazee na wenye presha. Haukuandikwa popote, inabidi useme. Mlioshusha mzigo ombeni wa kawaida.

Nyota tatu. Watu watauliza kwa nini si nne baada ya maelezo yote haya. Juzi Jumanne nilipita, sina shida na mtu, sina furaha ya kupitiliza, tumbo halina njaa, na ndoo bado imefungwa mpira wa baiskeli. Koki mpya kwa wauza plastiki humohumo sokoni haifiki bei ya sahani ya mbuzi. Dada ananiambia wataibadilisha wiki ijayo. Nitapita na soksi nyeupe.